Mshubiri Mdogo Uliobeba Jina la Zanzibar



Leo siandiki juu ya mishono wala vitambaa vya Sikukuu. Naandika juu ya mmea mdogo uliopo dirishani, pembeni ya cherehani yangu, na kosa nililolifanya kwa sababu yake. Kosa lenyewe lilinifanya nisome historia ambayo skuli sikuisoma, na nikishamaliza kuwaelezeni mtaona kwa nini nimeona bora niiandike kuliko kuinyamazia.

Miaka minne iliyopita shoga yangu alirudi safari ya Dar es Salaam na zawadi: kikopo kilichopandwa mmea usiozidi kiganja changu. Majani yake mafupi, manene, ya pembe tatu, yamepandana kuzunguka kijiti chake mpaka huoni nafasi baina yao. Pembeni yana vijino vyeupe, na mwili mzima una madoadoa meupe. Ulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa jina lake la kitaalamu: Aloe zanzibarica. Nilifurahi jamani! Aloe ni mshubiri, na zanzibarica haihitaji mkalimani. Nikasema huu ni wetu.

Mmea ule unazaa. Kila baada ya miezi michache vinachipua vitoto shinani, na mimi mfanyabiashara, macho yangu yaliona pesa. Nikaanza kuvipandikiza kwenye makopo ya maziwa, nayavisha makopo mabaki ya vitambaa vya kitenge na khanga, nauza shilingi 5,000 kwa wateja wanaokuja kuchukua nguo zao. Kila kopo nililiandikia: "Mshubiri wa Zanzibar, asili ya kwetu."

Siku moja bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mimi ndiye ninayemshonea madira yake, alilishika kopo akaligeuzageuza.

"Mwanangu, hii ndiyo shubiri ile ya dawa?"

"Ndiyo bibi," nikamjibu bila ya kufikiri. "Ndiyo shubiri yetu hasa, ya hapa hapa Zanzibar."

Akalipa, akaondoka nalo. Wiki haijesha, kijana wa mteja wangu mmoja anayesoma mambo ya mimea chuo kikuu alikuja kuchukua kanzu ya baba yake. Akaliona kopo, akasoma maandishi yangu, akacheka. "Dada, nani kakwambia huu ni wa Zanzibar?"

Nikamwonesha kikaratasi. Akaniambia kikaratasi ndicho kilichokosea, na kwamba kosa hilo si langu mimi wala la muuzaji wa Dar. Ni kosa lenye umri mkubwa kuliko bibi zetu. Usiku ule sikushona. Nilikaa na simu yangu nikasoma, na siku zilizofuata nikasoma tena.

Shubiri na subira

Tuanze na jina lenyewe. Sisi tunasema "chungu kama shubiri" tangu utotoni, hata ambao hawajawahi kuiona. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akipaka shubiri kwenye chuchu anapotaka kumwachisha mtoto ziwa, na mama anasema ilitosha mara moja. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, ambao shubiri wanaiita sabr au sabir. Na subira nayo wanaiita sabr. Herufi za asili ni zile zile tatu. Kwa hivyo mtu anayesema maisha ni shubiri na mtu anayesema subira yavuta heri wanatumia neno la ukoo mmoja, ingawa wengi wetu hatujui.

Kwetu sisi Waislamu shubiri imo hata katika hadithi. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Aban bin Uthman, kutoka kwa baba yake, Sayyidna Uthman, kuwa Mtume (S.A.W.) aliruhusu aliyehirimia anayeumwa na macho ajitibu kwa shubiri. Katika mkusanyo wa Abu Dawud kuna habari ya Bi Ummu Salama alipokuwa katika eda ya mumewe Abu Salama. Mtume aliingia akamwona amejipaka shubiri, akamuuliza. Akajibu kuwa ni shubiri tu, haina manukato. Akaelezwa kuwa hata hivyo inaung'arisha uso, basi aipake usiku na aiondoe mchana. Wapo wanazuoni walioizungumza sanad ya hadithi hii, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Ninachokitaka hapa ni historia tu: zaidi ya miaka 1,400 iliyopita wanawake wa Madina walikuwa na shubiri ndani ya nyumba zao, na waliijua kuwa ni dawa na ni urembo.

Ilitoka wapi? Nyingine ilitoka nchi kavu ya Bara Arabu, maana mshubiri ule mkubwa wa majani marefu tunaoujua kwa jina la Aloe vera, wanasayansi wanasema asili yake ni huko. Lakini shubiri iliyosifiwa kupita zote ilitoka kisiwani.

Kisiwa cha shubiri

Kisiwa hicho ni Sokotra, kilichopo baharini baina ya Yemen na pembe ya Somalia. Majahazi yaliyokuwa yakija kwetu na pepo za kaskazi na kurudi na kusi yalikijua vizuri. Kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1, ambacho kinaitaja pwani yetu ya Afrika Mashariki na kisiwa chake kimoja. Kitabu hicho hicho kinasema kuwa kwenye bandari ya Kane, pwani ya Yemen, bidhaa za kusafirisha zilikuwa ubani na shubiri.

Mwanahistoria al-Masudi wa Baghdad anasimulia hadithi nzito zaidi. Anasema kuwa mwanafalsafa Aristotle alimwandikia Iskandar Mkuu akamshauri akiteke kisiwa cha Sokotra kwa ajili ya shubiri yake, na akaweka Wagiriki wakae huko. Wanahistoria wa leo wanaiona ni hekaya. Lakini hekaya nayo inatueleza kitu: watu wa karne ya 10 waliona si ajabu mfalme kupeleka jeshi kwa ajili ya mmea mmoja. Na huyu al-Masudi si mgeni kwetu. Yeye mwenyewe alisafiri hadi kisiwa alichokiita Qanbalu mwaka 916, na wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu ilikuwa Pemba. Mtu aliyeandika habari za shubiri ya Sokotra huenda alikanyaga udongo wa karafuu kabla karafuu hazijafika.

Wareno walikiteka kisiwa hicho mwaka 1507, wakakiacha mwaka 1511. Waingereza wa kampuni ya biashara ya India nao walipita karne ya 17, na balozi wao Sir Thomas Roe alifika mwaka 1615 akiwa njiani kwenda India. Waliokuja huko walinunua shubiri kwa mfalme wa kisiwa, kwa sababu biashara ile ilikuwa mkononi mwake.

Kazi yenyewe ya kuipata shubiri ni rahisi kuieleza, ila inataka ile subira tuliyoitaja. Wenyeji wanachimba kishimo kidogo, wanatandika ngozi ya mbuzi ndani, kisha wanapanga majani yaliyokatwa kuzunguka kishimo, sehemu iliyokatwa ikielekea ndani. Maji ya manjano yanachuruzika yenyewe. Hawakamui. Kisha wanayatia kwenye kiriba cha ngozi na kuyaacha mpaka yawe mazito, na yakikaa zaidi yanakuwa magumu kama lami iliyopoa. Hiyo ndiyo shubiri. Ute mweupe wa katikati ya jani, huu tunaojipaka usoni siku hizi, si huo uliouzwa. Kilichouzwa ni uchungu.

Bandari inapoazima jina

Hapa ndipo Zanzibar inapoingia. Karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, bandari yetu ilikuwa soko la kila kitu: pembe, karafuu, sandarusi, ngozi. Shubiri ya Sokotra nayo ilipitia hapa na ilipitia Bombay kabla ya kufika Ulaya. Wauza dawa wa London walikuwa na daraja za shubiri kama sisi tulivyo na daraja za vitambaa. Kulikuwa na shubiri ya Barbados, shubiri ya Cape, shubiri ya Sokotra, na kulikuwa na iliyoitwa "shubiri ya Zanzibar". Hii ya kwetu ilifika ikiwa imefungwa ndani ya ngozi, za mbuzi na hata za kima. Vitabu vya dawa vya wakati ule viliihesabu kuwa ni aina ya shubiri ya Sokotra. Yaani Zanzibar ilikuwa ni jina la mlango bidhaa ilipotokea, wala si shamba ilipoota.

Sisi tulio kwenye biashara hatushangai. Kuna kitambaa kinafumwa nchi moja, kinachapwa nyingine, na sokoni kinaitwa kwa jina la nchi ya tatu kilikopakiliwa melini. Mteja anataka jina. Muuzaji anampa lililo karibu.

Wakati huo huo kulikuwa na Waingereza waliokuwa wakikusanya mimea ya dunia nzima na kuipeleka bustani ya Kew, London. Hapa Unguja alikuwepo John Kirk, daktari Mskoti aliyefika mwaka 1866 na kuondoka 1886, akiwa balozi wa nchi yake kwa muda mrefu. Watu wanamkumbuka kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa katika enzi ya Seyyid Barghash. Wachache wanakumbuka kuwa alikuwa pia mtaalamu wa mimea na kwamba mimea mingi ilitoka hapa kwenda Kew kwa mkono wake.

Mwaka 1880 mtaalamu mwengine, Isaac Bayley Balfour, alikwenda Sokotra kwa wiki chache tu na kurudi na mimea ambayo Ulaya haijawahi kuiona. Miongoni mwake ulikuwa mshubiri mdogo unaoota kwenye majabali ya chokaa, wenye majani mafupi yaliyojikunja kuelekea nje na madoadoa meupe. Mwaka 1883 ukatangazwa kwa jina la Aloe squarrosa.

Sasa sikilizeni. Kew kulikuwa na mshubiri mwengine mdogo uliosemekana umetoka Zanzibar. Mtaalamu wa pale, John Gilbert Baker, akaupa jina Aloe concinna. Lakini jina hilo lilikuwa limeshatumika zamani kwa mmea mwengine, na sheria ya majina ya mimea hairuhusu mimea miwili ya ukoo mmoja kuitwa jina moja. Ndipo mwaka 1947 Edgar Milne-Redhead, naye wa Kew, akaupa jina jipya: Aloe zanzibarica. Jina zuri, tena la heshima kwetu. Bahati mbaya, wataalamu walipokuja kulinganisha baadaye waliona kuwa mmea ule si mwengine ila ni ule ule Aloe squarrosa wa Sokotra. Jina la kwanza likabakia, la kwetu likafutwa.

Nani aliutoa Sokotra akauleta Unguja? Mimi naona jibu haliko mbali na zile shubiri zilizofungwa ngozini. Jahazi lililobeba bidhaa kutoka kisiwa kile lingeweza kubeba na kichipukizi. Mshubiri unaishi wiki nyingi bila ya udongo wala maji. Hata baharia asiyejua kulima angeufikisha salama.

Jina lililotokana na kikaratasi

Basi je, mmea wangu wa dirishani ni ule wa Sokotra? Hapana! Na hapa ndipo kichwa kilipotaka kunipasuka.

Katika bustani za Ulaya na Marekani kulikuwa na mshubiri mwengine mdogo ambao watu walikuwa wakipeana vitoto vyake kwa miaka mingi. Hakuna aliyejua asili yake. Kwa kuwa unafanana na ule wa Sokotra, wengine waliuandikia Aloe squarrosa, na wengine Aloe zanzibarica. Wapo waliodhani ni chotara aliyezaliwa bustanini, kwa sababu porini haujawahi kuonekana. Wataalamu wawili wa Kew, Peter Brandham na Susan Carter, waliuchunguza na mwaka 1979 wakautangaza rasmi kuwa ni aina inayojitegemea: Aloe juvenna.

Juvenna ni nini? Si jina la mtu wala la mahali. Inaaminika kuwa lilitokana na kikaratasi cha zamani ambacho mtu aliandika kuwa mmea bado ni mchanga, haujakua, na aliyekuja kukisoma baadaye akasoma vibaya. Kosa la mwandiko likawa jina mpaka leo.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mmea ukapatikana porini. Si Unguja, si Sokotra. Ulikutwa kusini magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye miinuko yenye majani na mawe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nchi ya baridi na ng'ombe. Mmea niliouuza kwa maneno "asili ya kwetu" haujawahi kuiona bahari mpaka watu walipoubeba. Na mpaka leo ukienda kwenye vitalu, utaukuta umeandikiwa jina la Zanzibar.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikamkumbuka bibi.

Nilivyokwenda kwa bibi

Asubuhi yake sikufungua duka. Nilivaa buibui nikaenda kwake. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema, dira langu limeshakuwa tayari?"

"Bado bibi. Nimekuja juu ya ule mshubiri. Umeufanyia nini?"

Akanieleza kuwa mkwe wake ana mimba ya miezi mitatu, tumbo limemfunga siku nyingi, na yeye alikuwa akingoja Ijumaa ipite ili ayachemshe majani ampe anywe. Mwili ulinisisimka. Nikamweleza kwanza kuwa nilimwambia uongo bila ya kujua: ule si mshubiri wa dawa, ni aina nyengine kabisa, na mimi sijui ndani yake mna nini. Pili, hata ingekuwa shubiri yenyewe, yale maji ya manjano yanaendesha tumbo kwa nguvu na mwenye mimba hatakiwi kuyanywa. Nikamrudishia shilingi 5,000 zake.

Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pesa chukua, na mti nitabaki nao, mzuri. Lakini mwanangu, wewe unapima watu nguo kwa futi. Maneno nayo uyapime."

Mkwe wake alipelekwa kituo cha afya siku ile ile, na alhamdulillah alijifungua salama. Mimi nilirudi dukani nikayabandua makaratasi yote. Mtume wetu alipoingiza mkono ndani ya chungu cha nafaka sokoni akakuta chini kumeloa, alimkemea muuzaji aliyeficha. Mimi sikuficha, sikujua. Lakini nilisema jambo kwa uhakika nisiokuwa nao, na aliyenunua aliniamini.

Namna ya kuutunza

Historia hii imenifunza na utunzaji, kwa sababu ukijua mmea umetoka wapi unajua unataka nini.

Jua. Unatoka milimani kwenye mwanga mwingi na hewa ya baridi. Kwetu uweke penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ukipata jua kali majani yanageuka rangi ya kahawia yenye wekundu. Hilo si ugonjwa. Ukikosa mwanga unarefuka na majani yanaachana, unapoteza ule umbo wake wa kushikana.

Udongo. Ulizoea mawe yanayopitisha maji. Changanya udongo na mchanga mkubwa na kokoto ndogo, nusu kwa nusu. Ukichukua mchanga wa pwani uoshe mara nyingi kwa maji baridi mpaka chumvi itoke.

Chombo. Kiwe na matundu chini. Mimi mishubiri yangu ya mwanzo sita ilioza kwa sababu ya ile kitenge yangu: nililivisha kopo mpaka chini, matundu yakazibika. Sasa navisha pembeni tu, chini naacha wazi.

Maji. Wakati wa kaskazi mara moja kwa siku saba mpaka kumi, na uhakikishe udongo umekauka kwanza. Masika usimwagilie kabisa ikiwa upo nje. Afadhali uuingize chini ya upenu. Mmea huu haufi kwa kiu upesi. Unakufa kwa mapenzi yaliyozidi.

Kuzalisha. Kitoto kikifika urefu wa kidole, kikate kwa kisu safi, kiache kivulini siku tatu au nne kidonda kikauke, kisha kipande. Usikimwagilie wiki ya kwanza.

Wadudu. Angalia baina ya majani kama kuna wadudu weupe mfano wa pamba. Wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti.

Na muhimu kuliko yote: huu ni wa kutazamwa. Usinywe, usimpe mtoto. Anayetaka ute wa kupaka ngozi apande Aloe vera. Pia msinunue mishubiri iliyong'olewa porini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa biashara tangu mwaka 1986, na biashara ya kimataifa ya mishubiri yote, isipokuwa Aloe vera, inahitaji vibali. Kitoto kimoja cha kopo kinatosha mtaa mzima, hakuna haja ya kwenda kumaliza mlima.

Na wa kwetu je?

Najua mnaniuliza: basi sisi hatuna wetu? Tunao. Upo mshubiri ulioitwa kwa jina la Pemba, Aloe pembana, uliotangazwa na mtaalamu Leonard Newton mwaka 1998. Umetoka kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, penye mawe ya matumbawe na wavuvi. Mwaka huo huo Misali ilifanywa eneo la hifadhi. Wenyeji wanasimulia kuwa Nabii Hidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, wavuvi wakasema hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mfano wa msala wake.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Jina letu lilizunguka dunia likiwa limebandikwa kwenye mmea wa Sokotra, kisha kwenye mmea wa milima ya Kenya, na muda wote huo mshubiri wa visiwa vyetu ulikuwa umekaa kimya juu ya jiwe la Misali, hauna kikaratasi. Huo msiuguse, dada zangu. Mkienda, utazameni, muuombee dua, muuache.

Makopo yangu bado nauza, bei ile ile. Kikaratasi kipya kinasema: "Mshubiri mdogo. Asili yake milima ya Kenya. Si dawa." Wateja wengine wanaona halivutii kama lile la mwanzo. Mwezi uliopita niliuza makopo manne tu, na nimelala usingizi mzuri.

Wabillahi tawfiq. Dada yenu wa cherehani.